Kutazama Siko Kuchunguza



Mnakumbuka neno la Kiingereza "scrutinize" lilivyotutesa darasani? Tuliandika "kutazama", mwalimu akapiga mstari mwekundu. "Kukagua" nako hakutoshi: mkaguzi huja na orodha yake, ikiisha huondoka. "Kupekua" ni kwa aliyekwisha kumshuku mtu. Lililo karibu ni "kuchunguza", ila asili ya neno lenyewe ina zaidi. Wataalamu hulirudisha kwenye neno la Kilatini la matambara na takataka. Yaani kuchakura kilichotupwa.

Wachimbaji wadogo wa Geita hawahitaji kamusi hapo. Mchanga uliokwisha kuoshwa wanauita marudio, na hununuliwa ukachenjuliwa tena, kwa kuwa dhahabu imebaki ndani.

Mimi nililielewa nimechelewa. Nikiwa katika kamati ya chama kimoja cha ushirika wa pamba, huku kwetu Shinyanga, nilitia sahihi hesabu nilizozitazama tu. Stakabadhi za mizani zilikuwa ndani ya boksi, chini ya meza ile ile. Sikulifungua. Wakulima walilipwa pungufu, baba yangu mdogo akiwa mmojawapo. Hakuniuliza kitu.