Tribinali Ikiwa Katika Konji

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kalemie



Tumeombwa tuseme juu ya konji ya tribinali. Watu wengi hufika mlangoni mwezi wa nane, wakaambiwa majuji wanapumzika, nao hurudi nyumbani wakidhani sheria imefungwa kwa ufunguo. Sivyo. Kila mwaka, kutoka katikati ya Agosti mpaka katikati ya Oktoba, mashauri ya kawaida husimama, lakini majuji wachache hubaki kwa mambo yasiyoweza kungoja. Ila ni juu yako wewe kuonyesha kwamba jambo lako haliwezi kungoja. Juji hatakisia.

Hapo ndipo tulipoanguka sisi wenyewe. Jirani yetu, mjane, aliletewa barua na shemeji yake: aondoke nyumbani, la sivyo mabati yatang'olewa tarehe 5 Septemba. Akatuomba tumwandikie ombi. Twakiri, tuliandika kurasa tatu za machozi: marehemu alikuwa mtu mwema, watoto ni watano, shemeji ana roho mbaya. Yote kweli, lakini tarehe haikuwamo hata moja, na ile barua tuliiacha sandukuni mwake! Ombi likarudishwa. Sisi makarani wa mgodi, ambao kutwa twaandika tarehe na uzito wa kila gunia, tulisahau kazi yetu.

Kesho yake tukaandika ukurasa mmoja tu. Barua ilifika siku gani. Mabati yatatoka siku gani. Majuji watarudi lini. Na kwamba nyumba ya matofali mabichi ikinyeshewa bila mabati itayeyuka, wala hukumu ya Oktoba haitaisimamisha tena. Barua ya shemeji tukaifungia humo.

Amri ya tarehe 7 Machi 1960 juu ya mashauri yasiyo ya jinai yasema kwamba anayeitwa apewe siku 8 kamili, na siku 1 zaidi kwa kila kilomita 100 za umbali. Aliye mbali kilomita 300 hupata siku 11. Lakini amri hiyohiyo yampa juji ruhusa ya kufupisha siku hizo, jambo likitaka haraka, naye akiombwa kwa maandishi. Ruhusa hiyo ndiyo aliyoipata mjane, na shemeji akaitwa kabla ya tarehe yake.

Msidhani kila uchungu ni haraka. Anayedai mshahara wa Januari, akaamka Agosti, ataulizwa alikuwa wapi miezi saba, na fedha yaweza kulipwa hata Oktoba. Lakini kama mtoto yuko hospitalini na dawa yangoja fedha hiyo, lete karatasi ya munganga yenye tarehe. Hapo neno lako lina miguu.

Na aliye kifungoni bado hajahukumiwa, huyo ni habari nyingine. Amri ya juji ya kumweka ndani hudumu siku 15, kisha lazima iangaliwe upya. Konji haiongezi hata siku moja. Jamaa zake wahesabu siku, wasingoje Oktoba.

Nyumba ya mjane ni ya nani, bado haijaamuliwa. Mabati yako juu. Mwenye barua ya namna ile aje nayo Jumamosi, pamoja na bahasha yake, maana muhuri wa posta nao una tarehe.