Kutoa Pole na Kuomba Radhi: Neno "Sorry" katika Vinywa vya Waswahili

Mtu anapojikwaa mbele ya mwenzake mjini Dar es Salaam au Mombasa, huambiwa "pole". Mazungumzo yakiwa ya Kiingereza, huambiwa "sorry". Mwingereza aliyejikwaa huweza kushangaa: mwenzake hakumsukuma, basi anaomba radhi ya nini? Baadhi ya walimu huhesabu tamko hilo kuwa kosa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Katika Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa "sarig", lililotokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Ndugu yake wa damu ni "sore", wala si "sorrow", ambalo lina mzizi wake mbali, ingawa kukaribiana kwa sauti na maana kumewafanya wengi wayadhani kuwa mama na mwana. Kwa asili, basi, neno hili lilimtaja mwenye uchungu, hatia haikuwamo. Hata leo Mwingereza humwambia mfiwa "I am sorry", na hakuna anayedhani kwamba amekiri kuua. Walichofanya wasemaji wa Afrika Mashariki, kama walivyofanya wenzao wa Nigeria na Ghana, ni kulishusha neno hilo kutoka msibani hadi kwenye ajali ndogondogo za kila siku.

Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mawili, na tofauti yake imo hata katika maumbo. "Samahani" na "poleni" yote huishia kwa "-ni", lakini silabi hizo hazina nasaba moja. Ya kwanza imekuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, nayo humrejelea msemaji: nisamehe mimi. Ya pili ni kiambishi cha Kibantu cha wingi, nacho huwarejelea waliopatwa: ninyi. Ndiyo maana "pole" hujibiwa "nimekwisha poa" au "asante", ilhali "samahani" hujibiwa "bila samahani".

Kiingereza kimelazimika kutafuta mgawanyo huo katika sheria. Nchini Kanada, British Columbia mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009 zilitunga sheria zinazotamka kwamba kusema "sorry" si kukiri kosa.

Suala hili humgusa zaidi mkalimani wa mahakama inayoandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Dereva anasema, "Nilishuka nikampa pole." Ikitafsiriwa kwa "sorry" pekee, aliyefariji huandikwa kama aliyetubu. Mkalimani mwangalifu atasema kwamba dereva alimfariji majeruhi, hata kama maelezo hayo ni marefu kuliko neno lililotamkwa.