Kuahidi Amani Mbele ya Hakimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu Waislamu! Sisi wa Mikumi na Kilosa yote tunaijua thamani ya amani. Mnamo Desemba 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliwaangamiza watu 38 huko Rudewa Mbuyuni. Na mara nyingi ugomvi wa namna hii huanza na ng'ombe aliyeingia shambani na fimbo moja iliyoinuliwa.

Basi tunaulizwa: mtu aliyeshitakiwa kwa kumpiga jirani yake, mahakama ikimtaka atie sahihi hati ya kuahidi kutunza amani, pengine na wadhamini, je, akubali? Wako wasemao kuwa kukubali ni kujidhalilisha.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaipa mahakama uwezo wa kutaka ahadi hiyo, na wa kuwapatanisha watu katika shambulio la kawaida, kwa fidia au kwa masharti mengine. Nasi tumefundishwa katika Suratun Nisaa kwamba suluhu ni kheri. Mtume (S.A.W.) aliukubali mkataba wa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, ingawa masharti yake yaliwaelemea masahaba. Alikubali hata cheo chake cha utume kifutwe katika hati ile, wala utume wake haukupungua.

Lakini mshitakiwa aulize kwanza: Je, hati hii inanitaka nikiri nisilolitenda? Ni ya muda gani? Nikiivunja, nitadaiwa nini, na mdhamini wangu je? Asiyejua kusoma asomewe, wala asitie dole gumba kwa jambo asilolielewa. Na aliyepigwa asilazimishwe kusamehe; suluhu inayompokonya mnyonge haki yake ni dhuluma.

Ikiwa masharti ni ya haki, naye anaweza kuyatimiza, akubali. Akishakubali, ajue kwamba ahadi ile ataulizwa na Mola wake, hata kama hakimu amesahau. Muda wa hati utakwisha, ujirani utabaki.

Ewe Mola wetu, tupatanishe nyoyo zetu, na utujaalie kuwa watimizaji wa ahadi. Amin.