Mama wa Roxbury na Kiti cha Bodi ya Shule



Mwaka 1951, katika mji wa Boston nchini Marekani, mama mmoja mwenye mabinti watatu alijitokeza kugombea kiti katika Bodi ya Shule ya mji huo. Jina lake ni Ruth Batson. Alizaliwa mwaka 1921 katika mtaa wa Roxbury, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Jamaika. Hakuwa mwanasheria, wala hakutoka katika ukoo wa wanasiasa. Alichokuwa nacho ni kazi ya kujitolea: kufuatilia masomo ya watoto wake na ya watoto wa jirani, kuuliza maswali shuleni, na kurudi tena pale jibu lilipokosekana.

Kilichomwamsha kilikuwa jambo dogo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aligundua kwamba mtoto wa rafiki yake Mzungu alifundishwa sayansi kwa vitendo shuleni, hali binti yake hakupata somo kama hilo. Alipoulizia katika chama cha NAACP, ambacho tangu mwaka 1909 kilikuwa kikitetea haki za Wamarekani weusi, alijibiwa kwamba tawi la Boston halikuwa na kamati ya kushughulikia shule za umma. Baadaye kamati hiyo ikaundwa, na yeye akapewa uenyekiti. Mara nyingi ndivyo ilivyo kwa mtu wa kujitolea: anayeuliza ndiye hubebeshwa mzigo.

Hapa yafaa kueleza maana ya bodi yenyewe. Katika Tanzania, kamati au bodi ya shule ni chombo cha shule moja, na wajumbe wake hujulikana na wazazi kwa sura. Bodi ya Boston ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa na wajumbe 5 tu, nao walitawala shule zote za umma za mji mzima: mipaka ya kila shule, fedha, majengo na ajira ya walimu. Wajumbe hao hawakulipwa mshahara, lakini kiti kilikuwa na thamani, kwa sababu wengi walikitumia kama ngazi ya kupandia vyeo vikubwa zaidi vya siasa.

Tena wote 5 walichaguliwa na mji mzima. Hapakuwa na mjumbe wa Roxbury, wala mjumbe wa mtaa mwingine wowote. Mwaka 1950 Boston ilikuwa na wakazi wapatao 800,000, na Wamarekani weusi walikuwa kiasi cha 1 katika kila 20. Hata kama kila mpiga kura wa Roxbury angempa Ruth Batson kura yake, kura hizo zingemezwa na kura za mitaa ambayo watu wake hawakuwahi kumwona wala kukanyaga katika shule alizozizungumzia. Alishindwa. Mel King, aliyekuwa akifanya kazi na vijana wa mtaa wa South End, aligombea mara tatu, miaka ya 1961, 1963 na 1965, naye akashindwa mara zote tatu.

Batson alirudi mbele ya meza ile ile kwa mlango mwingine. Tarehe 11 Juni, 1963, alisimama mbele ya Bodi akiwa msemaji wa NAACP, na kusoma madai 14. Mwenyekiti alikuwa Louise Day Hicks. Madai mengi yaliweza kujadiliwa. Lililokwama ni la kwanza, yaani Bodi ikiri kwamba katika shule za Boston kulikuwapo ubaguzi wa rangi kwa hali halisi, ingawa sheria haikuuandika. Bodi ilikataa. Ilidai kwamba watoto walisoma karibu na makwao tu, basi kama mtaa ni wa weusi, shule nayo itakuwa ya weusi. Jibu hilo lilionekana la haki kwa mtu asiyejua ni nani aliyechora mipaka ya shule hizo. Siku saba baadaye maelfu ya wanafunzi weusi hawakwenda shuleni, kwa kupinga. Mwezi Novemba Bi Hicks alichaguliwa tena, akiongoza wagombea wote kwa kura.

Kwa hiyo kazi ikaendelea nje ya Bodi. Mwaka 1965 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyohesabu kuwa na kasoro shule yoyote ambayo zaidi ya nusu ya wanafunzi wake si Wazungu. Mwaka huo huo wazazi wa Roxbury, wakiongozwa na Ellen Jackson, walikodi mabasi wenyewe kupeleka watoto kwenye shule za mjini zilizokuwa na nafasi tupu, kwani Bodi iliruhusu uhamisho lakini haikutaka kulipia nauli. Mwaka 1966 ulianza mpango wa METCO, uliopeleka watoto 220 katika shule za miji 7 ya pembezoni. Batson akawa miongoni mwa viongozi wake.

Bodi iliendelea kukataa hadi tarehe 21 Juni, 1974, Jaji W. Arthur Garrity alipoamua kwamba imetenganisha wanafunzi kwa makusudi. Wazungu wengi waliupokea uamuzi huo kwa mawe yaliyorushwa kwenye mabasi ya watoto. Lile lililokataliwa mwaka 1963 sasa liliandikwa na mahakama, lakini watoto waliokuwa darasa la kwanza siku ile walikwisha kuwa vijana.

Mwaka 1977 John O'Bryant, aliyekuwa mwalimu, alipata kiti, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bodi hiyo katika karne ya 20, tena kwa utaratibu ule ule wa kura za mji mzima. Ilikuwa miaka 26 tangu Batson agombee. Uchaguzi wa mwaka 1983 ndio wa kwanza kuipa mitaa wajumbe wake: 9 wa wilaya na 4 wa mji mzima.

Utaratibu huo haukudumu. Mwaka 1991 uchaguzi wa Bodi ulifutwa, na tangu mwaka uliofuata wajumbe 7 wakawa wanateuliwa na meya. Ruth Batson alifariki mwaka 2003 bila kukikalia kiti kile. Mwaka 2021 wapiga kura wa Boston waliulizwa maoni yao, na karibu 4 katika kila 5 walitaka Bodi ichaguliwe tena na wananchi. Baraza la mji likaandaa pendekezo. Mwezi Februari 2023 Meya Michelle Wu alilikataa.