Mlinzi Akikufokea Langoni

Leo nazungumzia jambo linaloweza kumfika yeyote: mtoto ana homa, saa ya daktari inakaribia, na mlinzi wa lango anakufokea.

Kwanza msalimie, umwonyeshe kitambulisho. Akizidi kufoka, shusha sauti useme: "Al-mas'ul, min fadhlak," yaani unamtaka mkubwa wake. Mlinzi si mwenye hospitali, yupo anayemsimamia.

Pili, simu iache mfukoni, usimrekodi. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao, ya mwaka 2011, inaadhibu kumpiga mtu picha kwa kuingilia faragha yake, na kumtukana mtandaoni. Ukiirusha video yake WhatsApp, wewe uliyeonewa waweza kugeuka mshtakiwa. Andika saa, mahali na maneno aliyosema, utuletee. Barua ya malalamiko tutaiandika pamoja.

Akikupiga au kukutishia, ondoka karibu naye, upige 9999, polisi.

Kujizuia si kukubali kudharauliwa. Malalamiko yatasubiri hadi kesho. Homa ya mtoto haisubiri. Hakikisha kwanza amemwona daktari.