Viungo katika Chungu cha Kila Siku



Sisi walimu tumeombwa kuzungumzia mapishi katika siku hii ya kuikumbuka kambi yetu ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994. Wengi wetu tulifika kutoka Kongo, Burundi na Rwanda bila hata mwiko mkononi. Lakini ladha ya kwetu hatukuiacha mpakani.

Kwanza tutaje kosa letu. Tunauza kikombe cha maharage sokoni ili tununue vidonge vya mchuzi. Mtoto anapata harufu nzuri, maharage hana. Na vidonge hivyo, sehemu kubwa ni chumvi.

Tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, mchaichai na pilipili huota hata katika ndoo iliyotoboka. Maji tuliyooshea mboga yanatosha kunywesheza miche hiyo. Kitunguu saumu na tangawizi vikipondwa na kukaangwa kidogo, maharage yanakolea bila chumvi nyingi. Yakishaiva, tukamulie limau sahanini: vitamini C yake husaidia mwili kupokea madini ya chuma yanayoongeza damu, jambo kubwa kwa wajawazito. Limau lisichemshwe, maana moto huharibu vitamini hiyo. Chumvi yenye iodini nayo tuitie mwishoni, na kopo lake lifunikwe. Kwa usipa, limau na pilipili hukata shombo.

Sombe ipondwe na kuchemshwa sana. Kiungo hakiondoi sumu ya majani ya muhogo.

La mwisho linatuuma. Sisi wenyewe tulimnywesha mwanafunzi wetu mchaichai siku mbili akiwa na homa, tukidhani ni mafua. Kumbe ni malaria. Alipona kwa dawa za zahanati, nasi tukabaki na aibu. Mchaichai ni chai, si dawa ya malaria. Homa ikimshika mtoto, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Nyuma ya darasa letu tumepanda bustani ndogo. Anayetaka mche aje Jumamosi na kopo lake. Wageni wetu wa mashirika, mkitusaidia mbegu kidogo, zitafika katika vyungu vingi.