Mchango wa Watu wa Kujitolea katika Kuboresha Nyaraka za Miradi ya Maji Vijijini



Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilipoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), miradi ya maji vijijini Tanzania Bara imekuwa ikikabidhiwa kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo kinapokea tenki, pampu, mabomba na vilula. Kinapokea pia faili lenye michoro ya mkandarasi, mara nyingi kwa Kiingereza, na kitabu cha pampu kilichoandikwa kiwandani. Faili linafungiwa kabatini, na mradi unaendeshwa kwa kumbukumbu ya fundi. Siku fundi akihama au akifariki, kijiji kinabaki na mabomba ambayo hakuna ajuaye yamepita wapi.

Pengo hili linaweza kuzibwa na watu tulio nao: mwalimu mstaafu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mama anayesimamia kilula. Wengi wao husita wakidhani kwamba kuandika mwongozo ni kazi ya mhandisi. Mimi naona kinyume chake. Asiyejua pampu ndiye anayeuliza yale ambayo fundi ameyazoea kiasi cha kutoona haja ya kuyasema.

Tuchukue kazi ya kufunga valvu ya bomba kuu. Kadi ya ukutani inasema tu, "Funga valvu." Kwa fundi inatosha. Mgeni ataizungusha haraka kwa nguvu zake zote, na maji yaliyokuwa yanakimbia yakizuiwa ghafla hupiga bomba kwa kishindo. Kiungo dhaifu hupasuka. Aliyejitolea asimame ubavuni mwa fundi akiwa na daftari na kuuliza: unazungusha upande gani, mara ngapi, unapumzika wapi, unajuaje kwamba imefunga? Fundi atajibu, "Mkono wenyewe unahisi." Jibu hilo lisiachwe hivyo hivyo. Aulizwe mkono unahisi nini, na maelezo yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, si kwa lugha ya ofisini.

Kisha kadi mpya ijaribiwe. Apewe mtu ambaye hajawahi kushika valvu, naye fundi asimame karibu bila kusema neno, isipokuwa pakiwa na hatari. Mjaribu akikwama, kosa ni la kadi. Aliyejitolea aweke alama pale, arekebishe, ajaribu na mwingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ningeomba kila chombo kiifanye sharti kabla kadi haijabandikwa.

Mahali valvu ilipo pia pana shida yake. Nyaraka nyingi husema "karibu na mwembe mkubwa." Mwembe hukatwa. Kwa kamba ya kupimia, vijana wawili wanaweza kupima umbali wa kila valvu kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya zahanati na kona ya darasa, na kuandika vipimo vyote viwili pamoja na upande valvu ilipo. Atakayekuja baada ya miaka 20 atajua pa kuchimba.

Si kila kitu kiandikwe upya. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyoendelezwa miaka ya 1980 Malawi na Kenya, ikajaribiwa Kwale nchini Kenya, iliundwa ili wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe, na michoro yake ni mali ya umma. Kinachokosekana ni habari za kisima chenu: kina chake, idadi ya mabomba yaliyoshushwa, tarehe vipuri vilipobadilishwa na duka vilikonunuliwa. Ukurasa mmoja wa habari hizo unamfaa fundi kuliko nakala ya kitabu kizima.

Kuhusu fedha, nashauri tahadhari. Aliyejitolea anaweza kuchora safu za leja na kumfundisha mhasibu kuzijaza, lakini asiandike mapato wala kushika stakabadhi. Anayeandika hesabu ni yule anayewajibika nazo mbele ya mkutano wa watumia maji.

Watu wa kujitolea huondoka. Kijana hupata chuo au kibarua mjini. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na tarehe, jina la aliyeandika na jina la fundi aliyethibitisha. Daftari likae ofisini kwa chombo, nakala iwe ofisi ya RUWASA ya wilaya, na katibu apewe jukumu la kulifungua kila matengenezo yanapofanyika. Fundi naye atajwe kama mwandishi mwenza, maana ujuzi ni wake na baadhi ya mafundi huogopa kwamba ujuzi wao ukishaandikwa watafukuzwa. Uongozi umhakikishie mapema, mbele ya kamati, kwamba hatafukuzwa.

Chombo kinachotaka kuanza kianze na valvu ya kwanza kutoka kwenye tenki, kabla ya masika, wakati njia ya bomba bado inaonekana na fundi hajaelemewa na mipasuko.